Richard Bartle na gemu za mtandaoni: kijana wako anatafuta nini humo ndani?

Likizo za shule zikifika, malalamiko ni yale yale katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Kijana kajifungia chumbani, simu iko kwenye chaji, na sauti inatoka dirishani: "Oya mwanangu, nifunike! Niinue, niinue, wanakuja!" Mama yuko jikoni, anauliza anaongea na nani. Baba anasema huko ndiko kubeti kunakoanzia. Shangazi aliyekuja kusalimia anaongeza kwamba amesikia gemu hizo zinafundisha kuua. Wote wana wasiwasi wa kweli, lakini kila mmoja anazungumzia jambo lake, na kijana mwenyewe ukimuuliza anakukatisha: ni gemu tu.

Si gemu tu. Vyeo anavyovihangaikia, marafiki asiowahi kuwaona, hasira ya kupigwa na mtu asiyemjua, hata ule uchu wa kukesha hadi alfajiri, vyote vimepangwa na watu. Na mengi ya maamuzi hayo yalifanywa zaidi ya miaka 40 iliyopita katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili walioitwa Roy Trubshaw na Richard Bartle. Hapa nitamzungumzia zaidi Bartle, kwa sababu yeye hakuishia kutengeneza. Alikaa miaka akiwatazama watu wakicheza, akaeleza kwa nini wanacheza. Maelezo yake yanaweza kumsaidia mzazi wa Mbagala leo kuliko hotuba nyingi tunazozisikia kuhusu "madhara ya magemu".

Tuanze na maneno yenyewe. Gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi ni ile ambayo wewe uliye Temeke na mwenzako aliye Mwanza mnaicheza kwa wakati mmoja, na kila mmoja anayaona anayoyafanya mwingine. Mahali mnapokutana hapamo ndani ya simu yako. Pamo kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali ambayo inatunza kumbukumbu zote: nani yuko wapi, nani ana risasi ngapi, nani kaanguka. Simu yako inapeleka amri tu na kupokea majibu. Ndiyo maana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikazorota, simu zilikuwa nzima, chaji ipo, lakini gemu haziendi. Na ile "ping" wanayoilalamikia vijana ni muda ambao amri inatumia kufika kwenye seva na jibu kurudi. Inapimwa kwa milisekunde, na seva ikiwa nje ya nchi muda huo unarefuka. Mtoto anayesema amepigwa kabla hajaona adui huenda hasingizii.

Mbunifu wa gemu naye si lazima awe ndiye anayeandika programu. Mwandishi wa programu anahakikisha mlango unafunguka. Mbunifu anaamua kama pawe na mlango, nani aupite, na nini kimpate akishapita.

Limebaki neno moja, dunia pepe, na hili linahitaji mfano. Fikiria Kariakoo. Beda Amuli alilichora jengo la soko lile katika miaka ya 1970: wapi pawe na ngazi, wapi hewa ipite, wapi mizigo ishukie. Hakuwachora watu. Watu walikuja wenyewe, wakajaza jengo, wakamwagikia Mtaa wa Kongo na Msimbazi, wakatengeneza taratibu zao za nani anakaa wapi. Nawe ukiwa umelala kwako Mbezi, Kariakoo haikusubiri. Malori yanashusha usiku, bei inapanda, mtu anahamisha meza. Ukirudi asubuhi unakuta mambo yamesonga bila wewe. Dunia pepe ni hivyo: mahali palipo kwenye seva, penye watu wengi kwa pamoja, ambapo maisha yanaendelea uwepo usiwepo.

Dunia pepe maarufu ya mwanzo ni MUD, kifupi cha Multi-User Dungeon. Trubshaw aliianza mwaka 1978 kwenye kompyuta ya chuo ya aina ya PDP-10. Bartle akajiunga naye, na mwaka 1980 Trubshaw alipokaribia kuondoka chuoni, kazi ikabaki mikononi mwa Bartle, ambaye ndiye aliyeipa sehemu kubwa ya sura yake. Haikuwa na picha hata moja. Ulisoma maandishi: uko kwenye njia nyembamba, kuna milima, kuna ukuta. Ukaandika unakotaka kwenda. Ukiokota hazina, ulikwenda kuitupa kwenye kinamasi ili upate pointi. Pointi zikiongezeka, cheo kinapanda, kutoka mwanagenzi hadi kufikia mchawi. Ukiuawa katika mapigano, mhusika wako alifutwa kabisa, na kazi yote uliyoifanya ikapotea naye.

Mwaka huohuo wa 1980 kompyuta ya Essex iliunganishwa na mtandao wa majaribio wa Posta ya Uingereza, na kupitia huo ikaungana na ARPANET ya Marekani, babu wa intaneti yetu. Watu wa nje ya chuo wakaanza kuingia. Waliruhusiwa usiku wa manane, wakati kompyuta haina kazi nyingine. Kijana wa Dar anayesubiri bando la usiku ndipo aingie uwanjani anafuata, bila kujua, ratiba ya wachezaji wa kwanza kabisa.

Hapa kuna mambo mawili yanayosemwa vibaya. La kwanza ni kwamba Bartle alivumbua gemu ya wachezaji wengi peke yake. Hapana. Aliyeanza ni Trubshaw. Tena huko Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye mfumo ulioitwa PLATO, watu walikuwa wakicheza pamoja kwenye kompyuta tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Hata vyeo havikuwa vipya, maana Dungeons & Dragons ya 1974, inayochezwa mezani kwa dado na karatasi, ilikuwa navyo. La pili ni kwamba MUD ni mambo ya kale yasiyohusiana na simu zetu. Hili ni kosa kubwa zaidi, na ni vyema kulifuatilia kizazi kwa kizazi.

Bartle na Trubshaw hawakuwazuia watu kuiga. Mwaka 1987 mwanafunzi wa Aberystwyth, Wales, aliandika yake, AberMUD. Mwaka 1989 zikaja TinyMUD iliyojali zaidi maongezi, na LPMud iliyowaruhusu wachezaji kujenga. Mwaka 1991 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakatoa DikuMUD, iliyokazia mapigano, vyeo na vifaa. EverQuest ya 1999 ilichezwa karibu sawasawa na DikuMUD, ila sasa kwa picha. World of Warcraft ya 2004 ikajengwa juu ya njia iliyofunguliwa na EverQuest, ikafikia mamilioni ya watu. Kutoka hapo, mhusika anayepanda ngazi, chama cha wachezaji, soga ndani ya gemu na wasimamizi wenye uwezo wa kumfungia mtu vikawa mambo ya kawaida kila mahali. Wale wachawi wa MUD, waliopewa uwezo wa kuwachunguza na kuwaadhibu wengine, ndio mababu wa maadmini wa leo.

Kuna sababu ninamheshimu Bartle kuliko waundaji wengi waliomfuata. Ameeleza mara nyingi katika mahojiano kwamba vyeo vya MUD viliwekwa kwa makusudi. Yeye na Trubshaw hawakutoka kwenye familia za wakubwa, na Uingereza ya wakati ule, kama ya sasa, ilimpima mtu kwa lafudhi yake na shule aliyosoma. Walitaka mahali ambapo unaingia bila jina la baba, unapanda kwa akili na juhudi yako, na hakuna anayeweza kukuuliza umetokea wapi. Gemu ilikuwa kauli dhidi ya matabaka. Weka hilo akilini, tutalirudia tukifika kwenye almasi, yaani pesa za ndani ya Free Fire, gemu ya mapigano ya kwenye simu.

Aina nne za wachezaji

Kati ya Novemba 1989 na Mei 1990, wachezaji wakongwe wa MUD2, toleo lililofuata, walibishana kwa muda mrefu kuhusu swali lililoonekana jepesi: watu wanataka nini kwenye MUD? Bartle alisoma mabishano hayo akaona kwamba hawabishani kabisa. Kila mmoja anaeleza gemu tofauti, ingawa wote wako ndani ya ileile. Mwaka 1996 akaandika makala iliyowagawa wachezaji katika makundi manne, na kila kundi akalipa rangi yake ya karata, kopa wakiwa wapiga soga, uru wakiwa wasaka mafanikio.

Turudi Kariakoo, maana makundi yote manne yamo humo. Yuko aliyekuja kutafuta faida: anajua mtaji wake, anahesabu alichouza, anataka leo apite jana. Huyo ni msaka mafanikio, na kwenye gemu ndiye anayekuonyesha cheo chake kabla hata hujauliza. Yuko anayezijua njia zote za uchochoroni, anajua duka gani la vipuri liko nyuma ya lipi, na furaha yake ni kujua. Huyo ni mchunguzi. Kwenye gemu anapanda milima isiyo na kitu juu yake, anajaribu bunduki ambayo hakuna anayeitumia, anatafuta mahali ambapo mbunifu alikosea. Wapo waliokuja kwa ajili ya watu. Wameagiza kahawa na kashata, mzigo unaweza kusubiri, habari za Simba na Yanga haziwezi. Hao ni wapiga soga, na kwao gemu ni kibaraza tu. Na yuko ambaye raha yake ni kumfanya mwingine apoteze: anamzomea, anamsukuma, anampora, halafu anatazama uso wake. Bartle aliwaita wauaji.

Ni muhimu kuelewa neno hilo la mwisho. Kuua ndani ya gemu hakumfanyi mtu awe muuaji kwa maana ya Bartle. Msaka mafanikio anaua pia, lakini kwa sababu kuna pointi. Ukimwondolea pointi ataacha. Muuaji anataka kujua kwamba upande wa pili kuna binadamu aliyeumia. Mpe roboti mia awapige, atachoka mapema. Tena kundi hili lina sura nyingine isiyotajwa sana: wako wanaotawala wengine kwa kuwasaidia kupita kiasi, wakiwaelekeza na kuwashauri hata pasipoombwa, kwa sababu wanachokitafuta ni kuwa na nguvu juu ya mtu. Kwa hiyo shangazi anayeogopa gemu zinafundisha kuua anaangalia bunduki, wakati cha kuangalia ni kicheko. Kijana anafurahia kushinda, au anafurahia kwamba mwenzake analia?

Sehemu ambayo wengi huiruka katika makala ya Bartle ndiyo iliyo na uzito zaidi. Alionyesha kwamba makundi haya yanasukumana. Wauaji wakiongezeka, wapiga soga wanakimbia, na wasaka mafanikio wanapungua. Wasaka mafanikio wakiongezeka, wauaji wanafuata, maana wamepata windo. Wapiga soga huvutana wao kwa wao: wengi huleta wengi. Mwisho wake, alisema, dunia pepe hutulia katika hali chache tu. Ama wauaji na wasaka mafanikio wanawindana kwa uwiano, ama wapiga soga wanatawala, ama makundi yote manne yanapatana kwa usimamizi wa makini, ama hakuna mtu aliyebaki.

Hili lilithibitika kwa gharama. Ultima Online, dunia pepe nyingine, ilipofunguliwa Septemba 1997, mtu aliweza kumuua na kumpora mwenzake karibu popote nje ya miji. Wageni walikuwa wakitoka getini wakikutana na visu. Wengi hawakurudi. Mwaka 2000 kampuni iliigawanya dunia yake mara mbili: Felucca ikabaki na sheria za zamani, na Trammel ikawa ardhi ambapo huwezi kushambuliwa bila ridhaa yako. Walio wengi wakahamia Trammel. Wako waliosema gemu ilikufa siku ile, na wako waliosema ndiyo kwanza ilianza kuwa ya watu. Ukiijua hesabu ya Bartle, unaona kwamba wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa kundi lake.

Na mbunifu anasukumaje watu kuelekea upande fulani? Kwa mambo madogo. Panua ramani na upunguze njia za kuongea, wachunguzi watapata nafasi. Bana ramani na ongeza soga, watu watagusana zaidi, kwa wema au kwa ubaya. Sasa itazame Free Fire au PUBG Mobile ambayo kijana wako anaicheza. Wachezaji wanadondoka kisiwani, 50 katika Free Fire ya kawaida na hadi 100 katika PUBG Mobile, kisha duara linaanza kusinyaa, na aliye nje ya duara anaumia hadi afe. Duara lile ni uamuzi wa mbunifu wa kubana ramani kila dakika, ili wasiotaka kukutana wakutane. Mchunguzi hana maisha marefu humo. Kwa kipimo kile cha Kariakoo, gemu hizi si dunia pepe kamili, maana uwanja unafutwa kila mechi inapoisha. Kinachobaki ni akaunti, cheo, chama na marafiki. Lakini mkono wa Bartle umo.

Kuhusu lile jaribio la mtandaoni linalokuuliza maswali na kukuambia wewe ni asilimia ngapi ya kila kundi: linabeba jina la Bartle lakini si yeye aliyelitunga. Lilitengenezwa na Erwin Andreasen na Brandon Downey baada ya makala yake kutoka. Bartle aliandika kuhusu watu wanaocheza dunia pepe kwa ajili ya burudani. Hakuandika kipimo cha tabia ya mtu kazini au kwenye ndoa, na wanaolitumia katika semina za kupanga wafanyakazi wanalibebesha mzigo usio wake. Mtu mmoja anaweza kuwa mpiga soga Ijumaa usiku na msaka mafanikio Jumapili. Yeye mwenyewe baadaye aliyapanua makundi hayo kuwa manane, akieleza jinsi mchezaji anavyohama kutoka moja hadi jingine kadiri anavyokomaa.

Sasa swali la baba: je, huko si kubeti? Kwa sehemu kubwa, hapana. Kubeti ni kuweka pesa kwenye tukio usilolitawala, ukitumaini kurudishiwa pesa zaidi, na hapa nchini shughuli hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kijana anayecheza eFootball, gemu ya mpira, na mwenzake, au anayesaka cheo, haweki dau. Anashinda au kushindwa kwa vidole vyake. Lakini baba hajakosea kabisa, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Ndani ya Free Fire kuna almasi zinazonunuliwa kwa pesa halisi, na kuna mahali ambapo unalipa almasi ili uzungushe gurudumu la bahati, upate kitu usichokijua mapema. Hupati pesa ukishinda, lakini mkono unaozungusha na moyo unaodunda ni vilevile. Mzazi ana haki ya kukataza kuzungusha huku akiruhusu kucheza. Ni vitu viwili tofauti, na mtoto akielezwa hivyo ataelewa.

Almasi hizo pia zinabomoa kile ambacho Bartle na Trubshaw walikijenga. MUD ilipowekwa kwenye CompuServe, huduma ya mtandao ya Marekani, mwaka 1987 kwa jina la British Legends, watu walilipia saa walizokaa humo. Hakuna aliyeuziwa cheo wala upanga mkali zaidi. Katika Free Fire, skini za bunduki, yaani mapambo yanayobadilisha mwonekano wake, zinabadilisha nguvu ya bunduki yenyewe, iwe ni kasi ya kufyatua au ukali wa risasi, na nyingi za hizo zinapatikana kwa almasi. Kijana wa Masaki na kijana wa Mbagala wanadondoka kisiwa kimoja, hakuna anayemwona mwenzake anakaa wapi. Kisha bunduki zinatolewa. Mpango wote ulikuwa kwamba humo ndani asiwepo mtoto wa fulani, na sasa mtoto wa fulani ameingia na pochi ya baba yake. Ukimsikia kijana wako analalamika kwamba amepigwa na "watu wa almasi", usimcheke. Anaeleza jambo la haki, na analieleza sawasawa.

Mama aliyeuliza mwanawe anaongea na nani aliuliza swali zuri kuliko wote, ila alimuuliza mtu asiye sahihi. Mwingie chumbani, kaa pembeni mechi iishe, kisha muulize mwenyewe: hao ni akina nani, mlikutana wapi, nani kati yenu huwa anaamua muende wapi? Akikutajia majina na utani wao, una mpiga soga, na kumnyima simu ghafla ni kumnyima marafiki. Panga naye saa. Akikutajia cheo na pointi zilizobaki kabla msimu haujaisha, una msaka mafanikio, na huyo utampata kwa kumjulisha mapema muda wake unapoisha, kwa kuwa mechi ikikatizwa katikati anashuka. Akikuonyesha ramani na mahali pa siri, huenda una mtu atakayependa kujifunza jinsi gemu zinavyotengenezwa. Akikusimulia kwa kicheko jinsi mtu fulani alivyolia, kaa naye muda mrefu zaidi.

Na kama yeye au wewe mnataka kuona yalikoanzia, MUD ya Essex bado inachezeka kupitia intaneti. Ni maandishi matupu, amri zake ni za Kiingereza, na haili bando: kifurushi kidogo kabisa kinatosha usiku mzima. Mwambie tu asiingie kwenye mapigano mapema, kwa sababu humo akianguka hakuna mwenzake wa kumwinua.